UZI: Kusi inalegea na anga linafunguka. Tujipange kwa jalidi Makete, Njombe, Mufindi na Mbeya Vijijini

Mwana-Uwanji (mleta mada)

Kamwene wadau. Kusi imevuma kwa nguvu, sasa inalegea na mawingu yanapasuka. Utabiri wa usiku kwa ukanda wetu unataja nyuzi 3 hadi 5. Anayelima huku anajua maana yake: upepo ukitulia na anga likiwa jeupe, alfajiri majani yanakuwa meupe kwa jalidi, ile barafu nyembamba, na ikifika saa 4 asubuhi yameshakuwa meusi.

Nimefungua uzi mapema ili kazi ifanyike kabla ya usiku wenyewe. Viazi vingi vya vinyungu (mashamba ya bondeni ya kiangazi) viko kwenye maua, miche ya parachichi iliyopandwa msimu huu bado ni mifupi, na kuna ng'ombe wanaozaa kipupwe hiki. Naomba kila mwenye ujuzi aweke hatua na vipimo, tusiishie kuambiana "funikeni mazao". Naanza na swali linalorudi kila mwaka: theluji inayoonekana kwenye taarifa za habari kutoka Lesotho na Afrika Kusini inaweza kutufikia?

Kipimajoto

Theluji haifiki, lakini hewa iliyokuja nayo inafika. Kati ya Juni na Agosti migandamizo mikubwa ya hewa kusini mwa bara huimarika: ule wa Mascarene upande wa Bahari ya Hindi na ule wa St. Helena upande wa Atlantiki. Mkondo wa baridi ukipita Afrika Kusini unaweza kumwaga theluji Drakensberg, kama ilivyokuwa Septemba 2024 magari yalipokwama barabara ya N3 kwenye kilima cha Van Reenen. Nyuma ya mkondo kama huo hewa baridi husukumwa kaskazini hadi kwetu. Njiani hupata joto kiasi. Ikigonga miinuko yetu hupanda, ikaacha ukungu na manyunyu kwa siku moja mbili. Hizo ndizo siku za baridi ya upepo, watu wanajikunyata lakini mazao hayaungui.

Hatari huja siku upepo unapokata na mawingu yanapoondoka. Usiku huo ardhi na majani hupoteza joto moja kwa moja kwenda angani, bila wingu la kulirudisha na bila upepo wa kuchanganya hewa ya juu na ya chini. Jani hupoa kuliko hewa inayolizunguka. Unyevu uliopo huganda juu yake, na ule weupe ndio jalidi. Kwa hiyo msihesabu siku ya baridi kali ya upepo kuwa ndiyo ya hatari. Hesabuni usiku wa kwanza wa utulivu baada yake, na miwili mitatu inayofuata.

Kuhusu zile nyuzi 3 za utabiri: kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa ndani ya kibanda cheupe, kimo cha kama mita moja na nusu kutoka ardhini. Jani la kiazi liko sentimita 30 tu na linatazama anga bila paa. Usiku wa utulivu jani linaweza kuwa chini ya kipimo cha kituo kwa nyuzi 2 hadi 5. Utabiri ukisema 3, bondeni kwako inaweza kuwa sifuri au chini yake.

Mkulima wa Ngano

Mkuu Kipimajoto, sisi tusio na kituo karibu tunajuaje ikifika saa mbili usiku kwamba leo ndiyo yenyewe?

Kipimajoto

Nunua vipimajoto viwili vya kawaida vya kioo. Kimoja kifunge kwenye kijiti katikati ya shamba la bondeni, kimo cha mmea, bila kukifunika, maana tunataka kionje kile kile ambacho jani linaonja. Cha pili kiweke mteremkoni, kimo hicho hicho. Kabla ya hapo vitumbukize vyote kwenye ndoo ya barafu iliyopondwa pamoja na maji, koroga, subiri dakika kumi. Kila kimoja kisome sifuri. Kikisoma 1, andika kwa kalamu kwamba kinazidi kwa 1. Vya bei ndogo mara nyingi vina kosa hilo, na kosa la digrii moja hapa ndilo linaloamua kama utatoka kitandani au hutatoka.

Soma saa 1 usiku, saa 3 na saa 6. Joto hushuka kwa kasi saa za mwanzo baada ya jua kuzama, kisha hushuka polepole, nusu digrii hadi digrii moja kwa saa. Kwa upande wetu Juni na Julai jua linachomoza karibu saa 1 asubuhi, na baridi kali kuliko zote ni muda mfupi kabla na baada ya hapo. Piga hesabu mwenyewe: saa 3 usiku ukisoma 6, upepo umelala, nyota zinaonekana hadi ukingoni mwa anga, zimebaki saa 10. Kwa nusu digrii utafika 1. Kwa digrii nzima utafika 4 chini ya sifuri. Huo si usiku wa kulala bila kujiandaa.

Angalia pia umande. Majani yakilowa mapema, tuseme saa 2 au 3 usiku, hewa ina unyevu, na umande unapotua huachia joto kidogo linalopunguza kasi ya kushuka. Yakibaki makavu hadi saa 6 na baridi inaendelea kushuka, ni mbaya zaidi. Hewa kavu hivyo inaweza kuunguza mazao bila weupe wowote kuonekana. Mtu anaamka, haoni barafu, anashangilia, mchana majani yanalegea kama yaliyochemshwa.

Dada wa Vinyungu

Naomba tuzungumzie vinyungu hasa, kwa sababu ndivyo vinavyoumia. Shamba la juu linabaki kijani na la bondeni, hatua mia mbili tu chini yake, linaungua lote. Wengine wanasema ni udongo, wengine mbegu. Ukweli ni upi?

Bwana Shamba Mstaafu

Dada, ni umbo la ardhi. Hewa baridi ni nzito. Usiku hutiririka kutoka vilele kufuata mikondo ile ile inayofuatwa na maji ya mvua, ikafika chini ikatuama. Kinyungu kiko bondeni kwa sababu ya unyevu wa kiangazi, na bonde hilo hilo ndilo dimbwi la hewa baridi. Kiunoni mwa mlima, juu ya bonde na chini ya kilele, hubaki na joto zaidi kwa nyuzi kadhaa. Ndiyo sababu miche ya parachichi ipandwe kiunoni, na bondeni pabaki kabichi, vitunguu na karoti, ambazo zinavumilia.

Mbegu ina nafasi yake lakini ni ndogo. Majani ya viazi mviringo huanza kuganda kati ya nyuzi 1 na 2 chini ya sifuri, na sijaona aina tunayolima huku, iwe Kikondo, Sagitta au Arka, inayopona kwa sababu ya jina lake ikiwa bondeni na jalidi imekaza. Maharage, mahindi machanga na nyanya huumia mapema zaidi, karibu na sifuri yenyewe. Njegere majani yake yanastahimili, ila maua na maganda machanga hayastahimili. Ngano ikiwa bado inachipua pembeni haina shida. Ikiwa inatoa maua, suke linabaki tupu na hutaliona kosa hilo hadi siku ya kuvuna.

Sasa kazi ya leo mchana. Nenda mwisho wa chini wa shamba, pale maji ya mvua hutokea. Mara nyingi utakuta ua mnene wa matete, vichaka, au safu ya mipaini yenye matawi hadi chini. Hilo ni boma linalozuia hewa baridi isitoke. Fungua pengo la upana wa mita 5 hadi 10 mahali pa chini kabisa, na mipaini uikwanyue matawi hadi kimo cha mita 2. Upande wa juu wa shamba ufanye kinyume: ua mnene uliokaa mshazari unaipeleka hewa baridi pembeni. Hakuna kazi yenye faida kubwa kwa gharama ndogo kama hiyo. Inahitaji panga na nusu siku, na inabaki kwa miaka.

Baada ya hapo, nyasi. Palilia mifereji kati ya matuta. Matandazo makavu yaliyoko kati ya mistari, ambayo tunayasifu kiangazi kizima, yavute yaende pembeni kwa wiki hii. Udongo ulio wazi, ulioshindiliwa kidogo na wenye unyevu, hufyonza joto la jua mchana na kulitoa usiku chini ya majani. Nyasi na matandazo yanalizuia joto lisiingie na lisitoke, na mmea ulio juu yake unapoa zaidi.

Mkulima wa Ngano

Hilo la matandazo litawashangaza wengi, tumefundishwa kufunika udongo.

Bwana Shamba Mstaafu

Mafundisho hayo ni sahihi kwa kutunza maji na kuzuia mmomonyoko. Kwa usiku wa jalidi yanageuka. Usipolima upya udongo, umeshinda nusu ya vita. Udongo uliotifuliwa leo una hewa nyingi ndani yake, hauhifadhi joto. Kwa hiyo palizi ya jembe isifanyike siku mbili tatu kabla. Kata magugu kwa panga, usichimbue.

Kupandishia matuta ni jambo jingine, hilo lilipaswa kuwa limefanyika. Tuta lenye udongo wa sentimita 15 juu ya viazi hulinda viazi vyenyewe hata majani yakienda.

Fundi Bomba Njombe

Niongeze upande wa maji, maana hapa watu hujiumiza wenyewe.

Kuna njia mbili na hazifanani. Ya kwanza ni kulowesha udongo siku moja au mbili kabla, mchana wa jua. Lengo ni sentimita 30 za juu ziwe na unyevu, si tope. Kwa udongo uliokauka hiyo ni milimita 15 hadi 20 za maji, sawa na lita 60,000 hadi 80,000 kwa eka. Kwa ndoo haiwezekani. Kwa mfereji wa mserereko unaojaza mitaro kati ya matuta inawezekana, na wenye vinyungu karibu wote wanao mfereji. Fungua maji asubuhi, funga saa 8 mchana, udongo upate jua la alasiri.

Ya pili ni kunyunyizia usiku, mimea ikivikwa barafu. Inafanya kazi kwa sababu maji yanapoganda huachia joto, na ilimradi maji mapya yanaendelea kuganda juu yake, jani hubaki karibu na sifuri bila kufa. Ila masharti yake ni magumu. Unahitaji kama milimita 3 kwa saa, yaani lita 12,000 kwa eka kwa saa, na kinyunyizi kizunguke angalau mara moja kwa dakika. Unaanza kabla joto la jani halijafika sifuri, na huzimi hadi jua litoke na barafu ianze kuyeyuka na kudondoka yenyewe. Kuanzia saa 9 usiku hadi saa 3 asubuhi ni saa 6, lita 72,000. Tanki la lita 5,000 linaisha kwa dakika 25.

Likiisha ndipo balaa. Maji yanayobaki juu ya jani huanza kugeuka mvuke, na kugeuka huko hula joto zaidi ya mara saba ya lile ambalo uzito huo huo wa maji huachia ukiganda. Jani lililonyunyiziwa kidogo kisha likaachwa hupoa kuliko lile ambalo halikuguswa. Asiye na mto, pampu yenye mafuta ya usiku kucha na mtu wa kukaa nayo, asinyunyizie kabisa. Na kile kitendo cha kupita na bomba la mgongoni saa 11 alfajiri "kuosha barafu" kinaangukia hapo hapo.

Jingine dogo la vifaa: mwaga maji yote kwenye bomba la mgongoni, mkono wake na pua yake, ulaze ndani. Maji kidogo yaliyobaki kwenye pua yakiganda hupasua plastiki. Mabomba meusi yaliyotandazwa juu ya ardhi yafungue mwisho wa chini yakauke usiku. Yanayoingia nyumbani yafukiwe sentimita 30 na zaidi, na koki ya nje iachwe ikidondosha tone tone. Gari lenye maji matupu kwenye rejeta likilala nje huku juu, mwaga maji au weka kulanti nusu kwa nusu na maji safi.

Kijana wa Matamba

Je, moto? Huku wengine wanachoma matairi na nyasi mbichi pembezoni mwa shamba ili moshi ufunike.

Kipimajoto

Moshi haufuniki, mdogo wangu. Chembe zake ni ndogo mno kuzuia joto linalotoka ardhini, ingawa macho yetu yanaona kama wingu. Matone ya wingu au ukungu wa kweli ni makubwa zaidi na ndiyo yanayorudisha joto. Moshi unaoning'inia hadi asubuhi unafanya ubaya wa pili: unazuia jua la kwanza lisifike shambani, mmea unakaa kwenye baridi muda mrefu zaidi. Matairi yana sumu kwa mapafu na kwa udongo, hilo liachwe kabisa.

Moto wenyewe bila moshi unaweza kusaidia, kwa masharti. Usiku wa jalidi hewa ya mita 10 hadi 15 juu huwa na joto kuliko ya chini. Moto mdogo hupasha hewa, hewa hiyo hupanda kidogo, hukutana na ile ya joto, husimama na kuzunguka hapo juu ya mazao. Moto mkubwa hutoboa moja kwa moja kwenda juu na kuvuta hewa baridi kutoka pembeni kuingia shambani. Kwa hiyo vimoto vingi vidogo vya kuni kavu, vimesambazwa ndani ya shamba na vingi zaidi upande hewa baridi inakoingilia. Kwa kitalu cha miche inalipa. Kwa eka tatu za viazi, kuni na watu wake ni ghali kuliko unachookoa. Na msisahau tuko kiangazi, misitu ya kupandwa imekauka chini. Moto usiwe karibu na mipaini, na usiachwe bila mtu na ndoo za maji.

Mama Parachichi

Nimesoma yote, nashukuru wakuu. Naweka ya parachichi na vitalu.

Mti mkubwa wa parachichi aina ya Hass huvumilia nyuzi 1 hadi 2 chini ya sifuri kwa muda mfupi, ingawa maua na matunda machanga hayafiki huko. Mche wa mwaka mmoja au miwili hauvumilii, na sehemu inayouma ni pale ulipobebeshwa, yaani kikonyo cha aina bora kilipounganishwa na shina la kienyeji. Kikonyo kikifa, kinachochipua chini yake ni mzizi wa kienyeji, na umepoteza aina yako.

Simika fito nne kuzunguka mche, kila mmoja sentimita 30 kutoka kwenye shina, zizidi kimo cha mche kwa sentimita 20. Zungusha gunia la katani, kiroba kilichofumuliwa au nyasi zilizofumwa, pande tatu na juu. Upande wa mashariki uache mlango unaoweza kufungwa usiku na kufunguliwa asubuhi. Kitambaa kisiguse jani popote, kwa sababu pale kinapogusa baridi hupita moja kwa moja. Nailoni ndiyo mbaya zaidi ikigusa. Ukiwa nayo tu, tanguliza gunia ndani. Funika saa 10 au 11 jioni udongo ukiwa bado na joto, kingo zifike chini na zibanwe kwa udongo, kwa sababu kinachomlinda mche ni joto linalotoka ardhini chini ya kifuniko. Kitambaa kilichofungwa juu kama kilemba, shina likabaki wazi, hakinasi chochote. Fungua saa 3 asubuhi, la sivyo jua linaupika mche humo ndani.

Sehemu ya kubebeshea ifukie kwa muda: lundika udongo mkavu usio na mbolea kuzunguka shina hadi sentimita 5 juu ya kiungo. Uutoe baridi ikipungua, mwisho wa Agosti, usije ukaoza au ukatoa mizizi.

Mbolea: hakuna urea wala CAN kwa sasa, kwa parachichi wala kwa viazi. Chipukizi laini lililotoka wiki hii ndilo la kwanza kufa.

Kijana wa Matamba

Mama, kitalu changu kina miche mingi ya epo na parachichi chini ya neti nyeusi. Neti inatosha?

Mama Parachichi

Epo zimelala au zinaelekea kulala, baridi zinaitaka, ziache. Parachichi hamishia katikati ya kitalu, viriba vikae vimegusana bila nafasi, na pembeni zungusha mabua au kiroba hadi kimo cha viriba, maana mizizi ndani ya kiriba hupoa haraka kuliko iliyo ardhini. Neti ya kivuli inapunguza kidogo joto linalopotea. Tandika turubai juu ya neti jioni, liondoe asubuhi. Mwagilia mchana, si jioni.

Mfugaji wa Nyanda

Kwa mifugo nitakuwa mfupi kwa wakubwa na mrefu kwa wadogo.

Ng'ombe mkubwa wa Friesian mwenye manyoya makavu na tumbo lililojaa hasumbuliwi na nyuzi sifuri. Kinachomuumiza ni kulowa pamoja na upepo. Ziba banda upande wa kusi hadi kimo cha mgongo wake, juu pabaki wazi hewa ipite. Chakula kikuu cha majani, hei au mabua, kipe jioni, kwa kuwa kuchachuka kwake tumboni ndiko kunakompa joto usiku. Asubuhi asitolewe malishoni hadi barafu iyeyuke. Aliyepanda mtama wa malisho au jamii ya sudani: ukipigwa na jalidi usilishe kwa angalau wiki moja, unatengeneza sumu ya sayanidi inayoua ng'ombe ndani ya dakika chache. Machipukizi yanayotoka baada ya hapo ndiyo hatari zaidi. Subirini yafike sentimita 60.

Ndama mchanga ni habari nyingine. Chini ya nyuzi 10 anaanza kutumia nguvu za mwili kujipasha joto. Akizaliwa mkaushe mara moja kwa gunia kavu, msugue hadi manyoya yasimame. Dang'a apate lita 3 hadi 4 ndani ya saa 6 za kwanza, vuguvugu. Kitanda chake kiwe cha maranda makavu ya sentimita 10, nyasi kavu juu yake nyingi kiasi kwamba akilala miguu haionekani. Piga goti hapo kwa nusu dakika. Suruali ikilowa, badilisha. Kwa siku za baridi mwongezee maziwa, lita moja zaidi kwa siku ukigawa mara tatu. Ndama anayetetemeka na masikio ya baridi, tia kidole mdomoni: mdomo ukiwa baridi, hali ni ya dharura, apashwe joto kwanza kabla ya kulazimishwa maziwa, na mganga wa mifugo aitwe.

Vifaranga wa wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35 usawa wa mgongo wao, ukipunguza kama 3 kila wiki. Wakirundikana chini ya chanzo cha joto ni baridi, wakikimbilia ukutani ni joto limezidi. Jiko la mkaa humo ndani linahitaji tundu la hewa juu, vinginevyo utawakuta wamekufa wote bila jeraha.

Nesi wa Kijijini

Namshika mfugaji hapo hapo, kwa sababu yanayowapata vifaranga yanatupata na sisi. Naomba kila mmoja apeleke ujumbe huu nyumbani kwake leo: jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki. Mkaa unaoonekana umekufa, umefunikwa majivu, bado unaitoa. Kuacha mlango wazi kidogo hakutoshi. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kukosa nguvu, hasa ikiwapata watu wawili watatu wa chumba kimoja kwa pamoja, tokeni nje wote kwanza, kisha mwende kituo cha afya. Usilale tena humo kabla jiko halijatolewa na hewa haijabadilika.

Badala yake pasha chumba jioni mlango ukiwa wazi, toa jiko nje kabla ya kulala, kisha tumia chupa za maji moto zilizofungwa vizuri na kuviringishwa kwa kitenge, ziwekwe miguuni, zisiguse ngozi ya mtoto. Mtoto mchanga akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, blanketi juu ya wote wawili.

Mzee au mlevi aliyekutwa nje alfajiri: kama ameacha kutetemeka na maneno yanaburuzika, hali yake imezidi kuwa mbaya, haijapona. Ondoa nguo zilizolowa, mfunike kavu, apashwe joto kifuani na tumboni, asisuguliwe mikono na miguu. Akiwa na fahamu na anameza, uji au chai vuguvugu yenye sukari. Komoni na pombe nyingine hazipashi joto. Zinafungua mishipa ya ngozi na kulitoa nje joto lililobaki.

Dada wa Vinyungu

Swali la mwisho kutoka kwangu. Tuseme tumefanya yote na viazi vikaungua. Asubuhi ile tunaanzia wapi?

Bwana Shamba Mstaafu

Asubuhi ile usiguse kitu. Usikate, usipulizie, usimwagilie. Subiri siku 5 hadi 7 uone mpaka wa kufa umefika wapi.

Kama vina chini ya siku 50 tangu kupandwa na shina la chini bado ni kijani, vitachipua upya kutoka chini ya udongo. Vipe maji ya kawaida, na machipukizi yakifika sentimita 10 ndipo uweke kilo 25 za CAN kwa eka, si zaidi. Pulizia dawa ya kuzuia bakajani mara machipukizi yanapotoka, maana tishu zilizokufa zikipata ukungu wa asubuhi ni kitanda cha magonjwa.

Kama vina siku 75 na kuendelea na majani yamekufa yote, hesabu ukuaji umekwisha. Kata majani usawa wa ardhi, yatoe shambani, rudishia udongo penye nyufa, acha siku 10 hadi 14 ngozi ikomae. Sugua kiazi kwa dole gumba: ngozi ikichubuka bado. Vilivyochomoza juu ya tuta vitenge wakati wa kuvuna. Kiazi kilichoganda ukikikata kina pete ya kijivu au nyeusi chini ya ngozi na kinatoa maji, na kimoja kikiingia kwenye gunia kinaozesha jirani zake. Kwa mbegu usichukue mahali palipoungua hata kama kiazi kinaonekana kizima.

Kati ya siku 50 na 75 ni uamuzi wa mfuko. Fukua mashina matano katika kona tofauti za shamba. Vikiwa ukubwa wa yai na bei ya viazi vidogo sokoni inalipa gharama ya kuvuna, kata na uvune. La sivyo viache vichipue, ukijua vitachelewa kwa wiki tatu hivi na vitatumia maji ya kiangazi.

Mama Parachichi

Na parachichi iliyoungua isipogolewe sasa, hata ikionekana vibaya. Matawi yaliyokufa yanakinga yaliyo chini yake kwa usiku unaofuata, na mpaka wa uhai hauonekani hadi machipukizi ya Septemba. Kinachofanyika mapema ni chokaa: shina na matawi yaliyobaki bila majani yapakwe chokaa ya kupaka nyumba iliyochanganywa na maji hadi iwe nzito kama uji mwepesi, upande wa magharibi na wa kaskazini usikosekane, kwa sababu jua la kipupwe linapita kaskazini na gome lisilo na kivuli linapasuka. Punguza maji nusu, mti usio na majani haunywi, na udongo ukilowa muda mrefu unaleta kuoza kwa mizizi. Tawi utakata ukiona chipukizi limetoka na kukomaa majani mawili matatu, ukikata juu yake kidogo, kwenye gome la kijani.